Klabu ya wasichana Maniema ipimwe kwa daftari la mahudhurio

Saa 10 alasiri, katika mitaa ya Kasongo kama katika vijiji vya Kabambare, uwanja una wenyewe. Wavulana wanakimbiza mpira, wakubwa kwa wadogo, wengine pekupeku. Wasichana wa rika lao wanapita kando ya uwanja huo huo wakiwa na bidoni ya maji kichwani, au mzigo wa kuni, au beseni la bidhaa zilizobaki sokoni. Hakuna shefu aliyetangaza kwamba uwanja ni wa wavulana. Hakuna padri wala shehe aliyeandika sheria hiyo. Lakini kila mtu anaijua, na kila mtu anaifuata.

Ndiyo maana wazo la klabu ya mtaa ya netiboli, mpira wa pete, kwa wasichana wa kusini mwa jimbo la Maniema linastahili uzito zaidi kuliko linaopewa. Watu wengi wakisikia klabu ya wasichana hufikiria jezi, kombe na picha ya pamoja na mgeni rasmi. Hayo yote yanaweza kupatikana kwa siku moja na yasibadilishe chochote. Swali la kuuliza ni moja: kati ya wasichana walioandikishwa wakiwa na miaka 12, ni wangapi bado wanafika uwanjani wakiwa na miaka 16? Jibu lake liko kwenye daftari la mahudhurio, na daftari hilo ndilo mali kubwa kuliko zote ambazo klabu inaweza kuwa nayo.

Umri huo haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Mwezi Septemba 2019 serikali ya Kongo ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, ahadi iliyokuwa imeandikwa katika ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2006. Darasa la 6 likiisha, ahadi hiyo nayo inaisha. Sekondari ina malipo yake, na mzazi mwenye watoto 6 anaanza kupiga hesabu ya nani aendelee na nani abaki nyumbani. Upande wa pili, sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 10, 2009 inakataza kumchumbia na kumwoza mtoto, na Sheria ya Familia iliyorekebishwa mwaka 2016 imeweka umri wa ndoa kuwa miaka 18 kwa msichana kama kwa mvulana.

Kati ya mwisho wa shule ya bure na mwanzo wa umri halali wa ndoa kuna takriban miaka 6. Katika miaka hiyo sheria inasema msichana asiolewe, lakini haijaweka kitu cha kumshika mkono. Akitoka shuleni hakuna anayemhesabu tena. Mwalimu hana jina lake, na serikali haina habari zake. Mwenye kumtazama kwa makini ni mama yake anayehitaji mikono ya kazi, na mwanamume anayetafuta mke.

Kabambare ina jaribu lake la ziada. Huko Salamabila kuna dhahabu: mgodi wa Namoya, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, na mashimo ya wachimbaji wadogo yanayouzunguka. Penye dhahabu kuna fedha za haraka, na penye fedha za haraka kuna wanaume wengi walio mbali na nyumba zao. Kundi la Mai-Mai Malaika limekuwa likitajwa eneo hilo kwa miaka, na kila mapigano yanapozuka familia zinafungasha na kukimbia. Msichana wa miaka 14 anayeuza chakula karibu na machimbo anaonekana na watu wengi kila siku, lakini hakuna hata mmoja wao mwenye kazi ya kuuliza kesho yake kama yu salama.

Klabu inaweza kuwa na kazi hiyo. Haiwezi kulipa karo ya shule wala kuzuia bunduki, na anayeahidi hivyo anawadanganya wazazi. Kinachowezekana ni kumpa msichana mahali ambapo jina lake linasomwa kwa sauti mara 2 kwa wiki, na ambapo asipoitika, mtu mzima anaamka kwenda kumtafuta.

Sasa, kwa nini netiboli? Swali hilo ni la haki, kwa sababu mchezo huu si wa kawaida Kongo. Ulizaliwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 kutokana na mpira wa kikapu wa Marekani, ukasambazwa na shule za Waingereza katika makoloni yao. Ulifika Tanganyika, Uganda, Kenya na Malawi. Kwa Wabelgiji haukuvuka. Mpaka huo bado unaonekana. Kuanzia Julai 28 hadi Agosti 6, 2023, Kinshasa ilikuwa mwenyeji wa Michezo ya Nchi Zinazozungumza Kifaransa, na wanawake walicheza mpira wa kikapu. Siku zile zile, kutoka Julai 28 hadi Agosti 6, Cape Town ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia la netiboli, lililofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, na Uganda ikashika nafasi ya 5. Bara moja, siku zile zile, na kila upande ukacheza mchezo wa lugha ya mkoloni wake.

Lakini ukiweka historia kando na kutazama ardhi ya Kasongo, netiboli ina hoja za kutosha. Mpira wa kikapu unadai sakafu ngumu, kwa sababu mchezaji lazima adundishe mpira anapokimbia. Katika netiboli kukimbia na mpira hakuruhusiwi. Anayeudaka ana sekunde 3 tu za kuutoa. Kwa hiyo udongo mwekundu uliosawazishwa na kufagiliwa unatosha. Goli lake ni nguzo yenye urefu wa mita 3.05 na pete juu yake, bila ubao wa nyuma. Fundi yeyote wa kuchomelea vyuma anaweza kutengeneza jozi moja. Mpira wake una ukubwa ule ule wa mpira wa miguu namba 5, kwa hiyo mpira wa kawaida wa dukani unafaa kwa mazoezi. Uwanja mzima una mita 30.5 kwa 15.25, na eneo kama hilo linapatikana nyuma ya shule au kando ya kanisa bila kuwafukuza wavulana popote.

Kuna pia suala la mavazi, ambalo Kasongo, mji wenye Waislamu wengi tangu enzi za Tippu Tip, si dogo. Mzazi anayekataa binti yake asivae kaptura mbele ya watu hapaswi kuitwa mshamba. Ajibiwe kwa mfano. Zanzibar, ambako karibu watu wote ni Waislamu, wasichana hucheza netiboli wakiwa wamevaa hijabu na suruali ndefu. Mchezo wenyewe hauruhusu kusukumana wala kushikana. Shehe wa mtaa akialikwa kutazama mazoezi ya kwanza, mjadala wa mavazi unaweza kwisha kabla haujaanza.

Hoja ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Netiboli inachezwa na watu 7 kila upande, na kila mmoja ana sehemu yake ya uwanja ambayo haruhusiwi kutoka. Wawili tu ndio wanaoruhusiwa kufunga. Mpira hauwezi kurushwa kutoka goli moja hadi jingine. Lazima uguswe katika kila theluthi ya uwanja. Hakuna nyota anayeweza kuchukua mpira kwao na kwenda nao peke yake. Wachezaji wakipungua chini ya 5, hakuna mechi. Mchezo wenyewe unahesabu watu. Msichana asipokuja, pengo lake linaonekana uwanjani, na wenzake ndio wa kwanza kuuliza yuko wapi.

Wapo watakaopinga, na upinzani wao usipuuzwe. Watasema Kongo tayari ina michezo yake. Timu ya wanawake ya TP Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika wa vilabu mwezi Novemba 2024, na msichana wa Kasongo anayeota kufika mbali ana mfano wa Lubumbashi mbele ya macho yake. Watasema pia kuna nzango, mchezo wa miguu, nyimbo na makofi ambao wasichana wa Kongo zote mbili wamecheza uani tangu zamani, na ambao ulipelekwa hata kwenye Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 2015. Kwa nini kuleta mchezo ambao hauna waamuzi, hauna ligi na hauna ngazi ya kupanda katika jimbo hilo?

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Klabu moja ya netiboli Kabambare haitampata mpinzani kijiji cha jirani, na timu isiyo na mpinzani inachoka. Dawa yake inajulikana: zianzishwe timu 2 kwa siku moja, katika shule 2 au mitaa 2, hata kama kila moja ina wasichana 9 tu na mpira mmoja wa kushirikiana. Nzango nayo isifukuzwe. Inaweza kufungua kila mazoezi, kwa kuwa inapasha mwili moto na inawaleta wale wanaoona haya kugusa mpira. Na kama wasichana wenyewe watasema wanataka mpira wa miguu, wapewe. Daftari la mahudhurio halibagui mchezo.

Kuhusu ngazi ya kupanda, majirani wanatoa somo. Peace Proscovia alitoka Arua, pembeni kabisa mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, akawa nahodha wa timu ya taifa na kucheza kwa malipo Uingereza na Australia. Tanzania, netiboli ni mchezo wa mashindano ya shule za msingi na sekondari. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na michezo ya wabunge wa jumuiya hiyo ina netiboli ya wanawake. Siku moja wabunge wa Kongo watalazimika kujifunza pete hiyo. Itakuwa vizuri wakikuta mabinti wa Maniema wanaoweza kuwafundisha. Hata hivyo, mzazi asiambiwe kwamba binti yake atakwenda Australia. Aambiwe kwamba atarudi nyumbani kabla ya giza.

Hapo ndipo uendeshaji wa klabu unapoanza kwa kweli: kwenye saa. Wengi huwalaumu kina mama kwamba wanawazuia mabinti. Lawama hiyo ni nyepesi mno. Mama aliyeamka alfajiri kwenda kwenye shamba la muhogo au mpunga, na anayerudi kupika sombe kwa watu 8, hawezi kumwachia binti yake alasiri 5 za wiki. Anaweza kumwachia 2. Mazoezi ya saa moja na nusu, mara 2 kwa wiki, baada ya maji kuchotwa na kabla ya saa 12 jioni, ni makubaliano ambayo nyumba nyingi zinaweza kuyabeba. Siku hizo zikishapangwa, zisibadilishwe ovyo. Kocha anayechelewa, anayeahirisha, anayewaweka wasichana hadi giza liingie, anavunja neno alilompa mama, na mama hatampa nafasi ya pili.

Jambo la pili ni nani anayesimama uwanjani. Klabu ya wasichana isiendeshwe na mwanamume mmoja mwenye filimbi, daftari, simu ya klabu na uamuzi wa nani asafiri. Hata awe mtu mwema namna gani, mpangilio huo ni mbaya. Kongo ina sheria ya mwaka 2006 dhidi ya ukatili wa kingono, lakini sheria hufika baada ya madhara. Kanuni za klabu hufika kabla: wawepo watu wazima 2 kila mazoezi, mmoja wao mwanamke, hakuna kocha anayemwita mchezaji peke yake, hakuna safari ya kulala nje bila mama mmojawapo wa wachezaji kuwemo, na kila msichana ajue jina la mwanamke wa kumwambia mambo yakiharibika. Kanuni 4 tu, zisomwe kwa Kiswahili mbele ya wazazi siku ya kwanza.

Jambo la tatu ni fedha. Wengi hungoja shirika. Shirika likija linaleta mipira 20, jezi zenye nembo na bango kubwa, na mradi ukiisha bango linabaki peke yake. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shirika linalotaka kusaidia lipewe jembe: lilipie mafunzo ya wanawake 4 wa Kasongo na 4 wa Kabambare kuwa makocha na waamuzi, kisha lijiondoe. Ujuzi huo hauchakai kama jezi. Gharama za kila mwezi ni ndogo, na kina mama wa Maniema wanajua kuzibeba kwa njia yao wenyewe, likirimba. Kama kikundi cha akina mama 15 kinaweza kuzungusha faranga na kumnunulia kila mmoja bati au mbuzi, kinaweza pia kutenga zamu moja kwa mwaka kwa ajili ya mpira na dawa ya majeraha. Uwanja ufyekwe kwa salongo ya Jumamosi, pamoja na wavulana.

Sehemu ya fedha hiyo iende kwenye kitu ambacho wafadhili wengi huona haya kukitaja: pedi za hedhi. Ukilifungua daftari la mahudhurio la wasichana wa miaka 13 na 14, utaona siku zinazokosekana kila mwezi. Klabu isiyolishughulikia jambo hilo itawaona wachezaji wake wakipungua na kudhani ni uvivu.

Jambo la nne ndilo gumu zaidi, nalo ni kipimo cha ukweli wa klabu yote. Itatokea siku msichana wa miaka 16 atapotea kwa miezi kadhaa, kisha arudi na mtoto mgongoni. Watakuwepo wazazi watakaosema asikubaliwe, kwamba atawaharibu wenzake. Klabu ikimfukuza, itakuwa imewafundisha wasichana wote somo moja: kwamba ukianguka, hapa si mahali pako. Siku hiyo wale walio hatarini watafunga midomo. Klabu ikimpokea, ikampa nafasi ya mlinzi wa goli huku mtoto akishikwa na bibi pembeni, itakuwa imesema kitu ambacho hakuna semina inayoweza kukisema.

Serikali nayo ina sehemu yake, na haihitaji bajeti kubwa. Kongo ina sheria ya Desemba 24, 2011 kuhusu uandaaji na uendelezaji wa michezo. Karatasi hiyo ishuke hadi kwenye ardhi. Wasimamizi wa wilaya za Kasongo na Kabambare, pamoja na mashefu, wanaweza kutenga kwa maandishi kiwanja kimoja kwa kila kata kwa ajili ya michezo ya wasichana, na kuandika saa zake. Kiwanja kisicho na karatasi huuzwa. Hilo kila mkazi wa mji unaokua analijua. Wakuu wa shule wanaweza kufungua viwanja vyao kwa wasichana walioacha shule, kwa sababu hao ndio wanaohitaji zaidi kurudi kwenye lango hilo. Na usalama wa barabara za Kabambare ni kazi ya dola. Hakuna klabu inayopaswa kuwapeleka watoto kwenye mechi kupitia njia ambayo wafanyabiashara wenyewe wanaiogopa. Mechi ikisubiri wiki 3, isubiri.

Baada ya mwaka mmoja, atakayetaka kujua kama fedha na jasho vimefanya kazi asitazame kabati la vikombe. Aombe daftari. Ahesabu majina ya Januari na majina ya Desemba. Kwa kila jina lililokatwa, aulize: alihama na wazazi wake? Alirudi shuleni Kindu? Aliolewa? Alikwenda machimboni? Nani alikwenda kwao kuuliza, na siku gani? Klabu yenye majibu ya maswali hayo ni klabu hai, hata kama haijashinda mechi moja.

Msichana akikosa mazoezi 3 mfululizo, jioni hiyo hiyo mwanamke mmoja afunge daftari, alitie kwapani, aende kwao kubisha hodi. Pengine atakuta ni malaria tu. Pengine atakuta wageni wamekaa barazani na mahari inajadiliwa, na msichana yuko ndani hajui aseme nini. Mgeni huyo mwenye daftari hana bunduki wala cheo. Lakini atakuwa amefika, na wote waliokaa pale watajua kwamba yupo mtu anayehesabu.